Maswali ya Wafugaji: Kuku wa Uani na Baridi ya Kuganda

Jamani barua za safari hii karibu zote zinalia baridi. Theluji imeshashuka, maji yanaganda, na wengi wenu mna kuku watano, sita, kumi hivi nyuma ya nyumba na usiku hamlali vizuri kwa kuwaza banda. Zinazofanana nimeziunganisha ili tupate nafasi ya kujibu kwa kirefu pale panapohitaji. Twende.

Swali: Dada habari za kazi. Nina kuku sita wa mayai kwenye kibanda cha mbao, na wametangaza wiki ijayo baridi itashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mume wangu ameshaziba matundu yote kwa nailoni na sponji, na sasa anataka kufunga ile taa nyekundu ya joto. Mimi roho inasita. Kweli kuku watapona bila taa? – *Mama wa kuku sita*

Jibu: Nzuri mdogo wangu, na roho yako imesita mahali pake. Mwambie shemeji kwa upole kwamba nia yake ni njema kabisa ila kazi imeenda kinyume, hiyo nailoni ya juu aitoe leo leo.

Kuku mzima mwenye manyoya kamili ana joto la mwili la kama nyuzi 41, na yale manyoya laini ya chini kazi yake ni kushika hewa karibu na ngozi, ndo maana ukimkuta amejitunisha kama mpira usifikiri anaumwa, anajifunika. Akishiba, akiwa mkavu na upepo haumpigi, baridi anaivumilia kuliko tunavyodhani. Kinachomwangusha mara nyingi ni unyevu. Hebu fikiria kuku sita wamefungiwa usiku kucha, wanapumua, wananya, na kinyesi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji, sasa huo mvuke wote ukikosa pa kutokea unapanda juu, unagusa paa la baridi, unageuka matone na kuwadondokea mgongoni. Manyoya yakilowa hayashiki tena hewa. Upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukiwa na unyevu unaganda haraka kuliko mkavu. Halafu kuna amonia, ile gesi kali ya kinyesi, inachoma macho na koo, kuku wanaanza kukohoa na mtu anasema wameshikwa na baridi kumbe ni hewa chafu.

Fanya hivi. Asubuhi mapema kabla hujafungua mlango ukaingiza hewa, chungulia ndani na tochi umulike ncha za misumari iliyotokeza chini ya paa. Ukikuta zimevaa barafu nyeupe, au kioo cha dirisha kina matone kwa ndani, banda halipumui hilo hata kama ukiingia unahisi kuna kajoto. Kisha chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wa wanapolala uvute hewa, maana ukinusa umesimama unanusa hewa yako wewe, siyo yao. Harufu ikikukaba basi na wao imewakaba usiku mzima.

Dawa yake ni matundu ya juu kabisa, chini ya paa, ikiwezekana pande mbili zinazotazamana, yawe juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamekaa kwenye kichanja, ule ubao wanaopanda kulala. Yabaki wazi hata ile siku ya nyuzi 20, na uyawekee waya mgumu wenye vitundu visivyozidi nusu inchi kwa sababu kipindi hiki wanyama wa porini na panya wana njaa kali. Huko chini, usawa wa kuku na kushuka, ndo shemeji azibe apendavyo. Kujua kama upepo bado unawafikia, ning'iniza utepe mwepesi pale kwenye kichanja, ukiwa unapepea kuna mahali pamebaki.

Sasa taa. Hizi za joto nyingi ni za wati 250, na ndani ya banda kuna vumbi, kuna manyoya yanapepea, kuna maranda makavu, kuku mmoja akishtuka akaruka akaigonga imekwisha habari, na mabanda yanayoungua kwa taa za namna hii ni mengi, wakati mwingine na nyumba ya jirani yake. La pili, kuku wamekuwa wakizoea baridi kidogo kidogo tangu kabla ya theluji, ukiwawekea joto la taa unawaondolea hilo zoea, halafu siku umeme unakatika katikati ya dhoruba, usiku, ndo wanapigwa na baridi yote kwa mara moja. Mimi siiruhusu kwa kuku wakubwa wazima. Kama una kuku mgonjwa, mzee, au aliyenyonyoka manyoya, tafuta paneli bapa ya joto iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo, ile isiyotoa mwanga, na uifunge imara.

Hela na nguvu za taa mzipeleke kwenye kichanja na matandiko. Kichanja kiwe cha mbao, bapa, upana wa sentimita 9 au 10, ili kuku akikaa tumbo lake lifunike vidole vyote, bomba la chuma hapana kabisa. Chini mwage maranda makavu, anza na sentimita 15 na uendelee kuongeza, uyageuze kila baada ya siku chache, yanaoza polepole na kutoa joto kidogo. Palipolowa toa, usifunike.

Swali: Shikamoo mama. Nina jogoo aina ya Leghorn mwenye upanga mkubwa sana. Juzi baada ya usiku wa baridi ncha za upanga ziligeuka rangi, leo ni nyeusi kabisa na ndevu, zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, zimevimba. Mmoja ananiambia nikate hizo ncha, mwingine anasema nisugue kwa maji ya moto nipake vaselini. Nifuate lipi? – *Kijana mwenye jogoo*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usifuate hata moja, usikate na usisugue.

Baridi ikizidi, mwili wa kuku unarudisha damu ndani kulinda moyo na viungo vya muhimu, ncha za upanga, ndevu na vidole vinabaki na damu kidogo sana, nyama inaganda na kufa. Mwanzoni unaona imepauka, nyeupe au kijivu, ngumu ukiishika, baadaye inavimba, inaweza kutoa malengelenge, mwisho inakuwa nyeusi. Ile nyeusi imeshakufa lakini bado ina kazi, inafunika nyama hai iliyo chini yake wakati inapona. Ukiikata unamtoa damu, unamuumiza, na unamwachia kidonda wazi kwenye baridi ile ile. Iache, itakauka na kudondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa, ncha zitabaki butu na upanga hautarudi kama zamani, jogoo ataishi nao vizuri tu.

Muda wa kupasha ni pale mwanzoni, nyama ikiwa bado nyeupe na ngumu, na hapo unatumia kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 hadi 40, unakilaza juu bila kusugua kwa dakika 15 au 20, unamkausha kabisa, na unamweka ndani. Ukijua lazima arudi kwenye baridi usiku huo huo usimpashe, kwa sababu nyama iliyoyeyuka ikaganda tena inaharibika vibaya zaidi. Hita, draya ya nywele, moto wa karibu, vyote weka mbali, sehemu hiyo imekufa ganzi na ataungua hajijui.

Huyu wako kwa sasa mtafutie sehemu kavu isiyoganda, awe na maji na chakula karibu maana anaumwa, na kila siku umwangalie. Ukisikia harufu mbaya, ukiona usaha, au uvimbe unashuka kuelekea usoni, au miguu nayo imebadilika rangi, daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, anaweza kuhitaji dawa ya maumivu na antibayotiki ambazo si za kubahatisha. Kama unategemea mayai ya kuangua, jua pia kwamba jogoo aliyeumizwa na baridi uwezo wake wa kurutubisha mayai unaweza kushuka kwa muda.

Kuhusu vaselini, wengi wanaipaka, na tabaka jembamba juu ya upanga mkavu halina madhara, ila usilale usingizi kwa kuitegemea, haizuii kuganda. Kagua hewa ya banda lako kama nilivyomweleza mama wa kuku sita. Na angalia chombo cha maji, jogoo mwenye ndevu ndefu akinywa kwenye beseni la wazi anazilowesha, anatoka na ndevu zinazochuruzika, mpe chombo chenye mdomo mwembamba.

Ukija kuongeza kuku, chagua wenye upanga mdogo uliolala. Brahma na Wyandotte wanafaa, na wako Chantecler waliozalishwa Quebec huko Kanada mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya baridi hasa, upanga wao ni kidude kidogo tu na ndevu karibu hazionekani. Leghorn ni hodari wa kutaga lakini ule upanga ni mzigo kwenye theluji.

Swali: Drinka langu, kile chombo cha kunyweshea kuku, linaganda kila baada ya saa mbili, nimechoka kubeba maji. Naweza kuweka chumvi, au ile dawa ya kuzuia maji ya gari yasigande, kidogo tu? – *Mchovu wa ndoo*

Jibu: Hapana, hapana kabisa ndugu yangu! Ile dawa ya rejeta ni sumu, kidogo chake kinaua, usiiweke hata karibu na banda. Na chumvi ya kiasi cha kuzuia maji yasigande inatosha kuwaua kuku pia.

Ila uchovu wako nauelewa na hili la maji siwezi kulipunguza uzito, kwa sababu kuku asipokunywa hali, na asipokula hana cha kumtia joto. Kuku mmoja anataka kama robo lita mpaka nusu lita kwa siku. Usiwaachie theluji eti wataidonoa, wataidonoa kweli lakini haiwatoshi na wanatumia joto lao kuiyeyusha.

Bila umeme, njia inayofanya kazi ni makarai mawili meusi ya mpira, la plastiki ngumu linapasuka. Moja liko kwa kuku, jingine ndani ya nyumba linayeyuka, unabadilishana. Karai la mpira unaligeuza unalikanyaga na barafu inatoka nzima. Liweke panapopiga jua, asubuhi peleka maji ya vuguvugu mara wanapoamka na jioni kabla hawajapanda kulala, hizo ndo nyakati mbili ambazo hutakiwi kukosa, mchana ongeza ukiweza. Usiku usiwaachie maji ndani ya banda, kwenye giza hawanywi, yanaongeza unyevu bure.

Kama kuna umeme, kipo kitako cha joto cha kuwekea drinka, nunua kilichotengenezwa kwa matumizi ya nje, waya upite juu wasikoudonoa na soketi isifikiwe na maji. Wale wa chuchu za kunywea, zile zinazofungwa kwenye ndoo na kutoa maji zikigongwa, kuku wanaweza kuwa wanagonga chuchu iliyoganda na wewe unaona ndoo imejaa ukadhani wanakunywa, kwa hiyo ziguse kwa kidole kila asubuhi.

Swali: Kuku wangu hawatagi tangu siku zilipoanza kuwa fupi. Ni baridi? – *Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Zaidi ni mwanga. Kuku anataka kama saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage mfululizo. Ukitaka kuwasaidia weka balbu ndogo ya LED yenye taima, iwake alfajiri iungane na mwanga wa mchana. Jioni usiweke, ikizima ghafla kuku wanabaki gizani chini hawajapanda kichanjani. Kama ndo wananyonyoka manyoya waache kwanza wapumzike, unyoya karibu asilimia 85 yake ni protini, kwa hiyo badala ya chakula cha asilimia 16 cha kawaida wape cha asilimia 18 mpaka 20 hadi wavae upya.

Swali: Habari dada, mimi na mama mkwe tunabishana. Yeye anataka kuku wapewe mahindi matupu wakati wa baridi na uji wa moto asubuhi, mimi nawapa chakula chao cha dukani tu. Nani yuko sahihi? – *Mkwe*

Jibu: Mama mkwe ana hoja, msikilize, ila tumpunguzie kidogo. Mtetea anakula kama gramu 100 hadi 120 kwa siku siku za kawaida, baridi ikikaza anaongeza, kwa hiyo kwanza hakikisha chakula chake kamili hakiishi mchana kutwa. Mahindi ni mazuri jioni, konzi moja ya kugawana muda mfupi kabla hawajapanda kulala, usiku yanasagwa tumboni na kazi ile inatoa joto. Yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, maana mahindi yana nguvu lakini protini na kalsiamu ni kidogo, kuku wa mahindi matupu ananenepa huku mwili unapungukiwa.

Uji uwe wa vuguvugu, na mchache wa kuisha ndani ya dakika 20, ukibaki unaganda, na wakiuparamia wanapaka ndevu na kifua. Wape pia changarawe ndogo kwenye kibakuli, kwa sababu theluji ikifunika ardhi hawaokoti vijiwe na firigisi inakosa cha kusagia, pamoja na magamba ya chaza kwa wale wanaotaga.

Na nyie wote wenye kuku jifunzeni kuwashika usiku. Manyoya yanadanganya, kuku anaonekana bonge kumbe amekonda. Akiwa kichanjani pitisha mkono chini umguse gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, liwe limejaa, kisha ushuke kwenye mfupa wa kifua, ukiwa umechongoka kama makali na nyama pembeni hamna, huyo halii baridi peke yake, ana minyoo, au utitiri, au wenzake wanamfukuza kwenye chakula.

Swali: Nimeona picha za kuku wamevalishwa sweta. Niwafumie? – *Mfumaji*

Jibu: Hapana mpenzi. Sweta linalaza manyoya na kuyazuia kujitunisha, likilowa linabaki na maji mwilini, na kuku anaweza kunasa kucha au kwenye msumari. Umeguswa nao na hilo ni jema, tumia mikono yako kuongeza maranda.

Swali: Kuku wangu wamegoma kutoka tangu theluji ianze, wanabanana ndani na sasa wameanza kudonoana mpaka damu. – *Baba wa kumi na wawili*

Jibu: Pole baba. Kuku wengi theluji hawaipendi, wanaiona nyeupe na baridi miguuni wanarudi. Safisha njia ya kutoka mlangoni, mwaga nyasi kavu nene juu yake, na upande upepo unaotokea zungushia nailoni ngumu kwenye uzio, upande mmoja au miwili, usifunike wote ukawa chumba. Wataanza kutoka mmoja mmoja.

Aliyetoka damu mtenge leo, wakiona wekundu hawaachi. Wengine uwape kazi, ning'iniza kabichi nzima usawa wa vichwa vyao, watawanyie punje kidogo kwenye maranda wafukue, na uweke sanduku la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu kidogo ya kuni waoge vumbi, maana kipindi hiki ardhi imeganda hawana pa kuogea na utitiri unapata nafasi. Fumua manyoya karibu na mkundu uangalie, ukiona vidudu vinakimbia au uchafu mweusi umeshika mashina ya manyoya, tibu kuku wote kwa pamoja na banda lake. Na kumi na wawili wawe na nafasi, ukipiga hesabu ya chini ya theluthi moja ya mita ya mraba kwa kila kuku ndani ya banda, ugomvi hautaisha kwa kabichi.

Swali: Asubuhi nilimkuta mmoja amelala chini, wa baridi, macho nusu. Nilimweka karibu na jiko akafa. Ningefanyaje? – *Mwenye huzuni*

Jibu: Pole sana, na pengine alikuwa ameshafika mbali kabla hujamkuta. Ikitokea tena, mwingize ndani kwenye sanduku lenye taulo, chumba cha joto la kawaida, kama amelowa mkaushe, na pembeni umwekee chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa ili aweze kusogea akitaka. Apate joto taratibu, moto wa karibu unamshtua. Usimmiminie kitu mdomoni kama hawezi kushika kichwa, yataingia kwenye mapafu. Akishaamka mpe maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, kisha chakula laini. Usimrudishe nje siku hiyo kwenye baridi kali.

Baada ya hapo tafuta sababu. Kuku mzima mkavu aliyeshiba ni nadra kuanguka kwa baridi pekee, na kuku hodari wa kuficha ugonjwa hakuna anayemshinda, baridi inakuja kumalizia. Ila wakianguka wawili watatu kwa ghafla usiwashike mikono mitupu wala usiwachinje, piga simu kwa daktari wa mifugo haraka, homa ya mafua ya ndege hutembea na ndege wa porini na miezi ya baridi ndo inasumbua zaidi.

Swali: Mayai yanapasuka yenyewe kiotani. Tunaweza kula? – *Jikoni*

Jibu: Yameganda, kilicho ndani kinatanuka na gamba linachanika. Lililopasuka tupa, vijidudu vimeshapata mlango. Lililoganda bila ufa weka kwenye friji liyeyuke taratibu, ulipike mapema mpaka liive kabisa. Na kuanzia kesho okota mara tatu kwa siku, kuku wengi hutaga asubuhi kwa hiyo ile zamu ya saa nne usiiruke.